Jinsi ya kukimbia mita 100 bila mwili kukaza

Kabla sijamfundisha kijana yeyote kuchomoka kwenye bloku, vile vikanyagio vya kuanzia mbio, humwonyesha mbio za mita 100 za Mjamaika Usain Bolt mjini Berlin, tarehe 16 Agosti 2009, siku aliyoweka rekodi ya dunia ya sekunde 9.58. Namwambia auache ushindi kando, ahesabu kila mita 20. Za kwanza, pamoja na muda wa kuitikia mlio wa kuanzia, zilimchukua Bolt sekunde 2.89. Za pili 1.75, za tatu 1.67, za nne 1.61, za mwisho 1.66. Hata yeye, katika mbio zenye kasi kuliko zote zilizowahi kupimwa, alikuwa amekwisha kuanza kupungua mwendo alipofika mwisho. Ukimwona mtu kwenye runinga akiwaacha wenzake mita za mwisho, mara nyingi wenzake ndio wanaopungua upesi kuliko yeye.

Mafunzo yangu yote yanaanzia hapo. Mwendo wa juu kabisa haudumu. Kazi yako ni kuufikia bila papara, kisha kuushikilia usikuponyoke mapema. Na hakuna kinachouponyosha haraka kama mwili uliokaza: taya, mabega, ngumi.

Kwa hiyo anza na jani. Okota majani makavu mawili, shika moja kila mkono kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha kimbia mita 60. Wiki za mwanzo kimbia kwa nusu ya nguvu zako, baadaye robo tatu, mwishowe zote. Majani yakifika yamesagika, ulikaza. Nilikuwa na binti mmoja aliyetimka vizuri ajabu hadi mita ya 50, halafu mishipa ya shingo inamtoka, mabega yanapanda kuelekea masikioni, hatua zinafupika. Nguvu alikuwa nazo tele, na ndizo zilizokuwa zikimshika. Tulikaa na majani kwa muda mrefu, hata mama yake akaniuliza lini tutaanza kukimbia. Siku yalipofika mazima, saa ilionyesha muda wake bora kabisa, naye akashikilia kwamba hakukimbia kwa nguvu. Ndivyo inavyotakiwa kuhisika. Midomo iachie, mashavu yacheze yanavyotaka, mikono isukume nyuma kutoka begani na viganja vibaki wazi au vimefumbwa kidogo tu.

Sasa bloku. Pima kwa nyayo zako: ya mbele urefu wa nyayo mbili kutoka mstarini, ya nyuma kama nyayo tatu, kisha rekebisha kidogo kidogo kulingana na miguu yako. Mguu wenye nguvu zaidi ukae mbele. Kama huujui, simama wima na ujiachie uanguke mbele. Mguu utakaoruka kukuokoa kwa kawaida ndio wa kuweka nyuma. Vidole vya mikono viwe nyuma ya mstari, mikono ikipanuka kuzidi mabega kidogo. Ukisikia “tayari”, inua nyonga zipite usawa wa mabega kidogo, goti la mbele likunjike karibu nyuzi 90, la nyuma lifunguke zaidi, nyuzi 120 hivi au 130. Kanyaga bloku zote mbili, usiegemee mikono tu. Halafu tulia.

Kutulia hapo ni kugumu kuliko kukimbia, na vijana wengi wanapotea hapo kwa sababu wanataka kuuotea mlio. Achana na kubahatisha. Ukiitikia chini ya sekunde 0.100 baada ya mlio, mitambo inahesabu umewahi, na tangu 2010 anayewahi mara moja anatolewa. Bolt mwenyewe alitolewa hivyo kwenye fainali ya dunia ya Daegu mwaka 2011, na Mjamaika mwenzake Yohan Blake akachukua dhahabu. Upande wa pili, mtazame Mmarekani Noah Lyles kwenye fainali ya Olimpiki mjini Paris mwaka 2024. Aliitikia kwa sekunde 0.178, akawa wa mwisho katika mita 30 za kwanza, na bado akashinda kwa 9.784 dhidi ya 9.789 za Kishane Thompson wa Jamaika. Kilichomwokoa ni kwamba hakuchanganyikiwa alipowaona wengine wako mbele. Ukiwa umeinama pale, fikiria tendo moja tu: kuusukuma mguu wa mbele mpaka unyooke. Mlio utakukuta.

Hatua za mwanzo sukuma ardhi kwenda nyuma. Nyayo zitue chini ya nyonga au nyuma yake kidogo, macho yakitazama ardhi hatua chache mbele. Kichwa ndicho kinachoharibu. Ukikiinua hatua ya tatu, kifua kinafuata, na msukumo wako wote unaenda juu. Panda taratibu kama ndege inavyoacha ardhi, uwe wima kabisa kwenye mita ya 30 hivi au zaidi. Hapa umbo lako lina neno. Shelly-Ann Fraser-Pryce, bingwa wa Jamaika, ana urefu wa mita 1.52, na hatua zake za mwanzo zilikuwa za haraka kiasi kwamba wapinzani walikuwa wakimfukuza tangu mita ya kumi. Bolt, mwenye mita 1.95, alichelewa kujikunjua lakini alimaliza mita 100 za Berlin kwa hatua 41. Mrefu akiiga mwanzo wa mfupi atajikwaa, na mfupi akivuta hatua ziwe ndefu kama za mrefu atatua mbele ya mwili wake na kujifunga breki. Jipige video kutoka ubavuni uone mguu unatua wapi.

Katikati ya mbio sina mengi ya kusema: magoti juu, mwili mrefu, majani mazima. Mwisho vilevile. Kinachohesabiwa ni kiwiliwili kufika ukingo wa mstari, kwa hiyo inamia mbele hatua ya mwisho tu. Anayeinama mapema anapoteza hatua mbili.

Kwa wiki, siku mbili za kasi kamili zinatosha, zikiachana angalau saa 48. Zoezi ninaloliamini kuliko yote ni hili: jongea mita 20 au 30 ukipandisha mwendo, kisha kimbia mita 30 kwa kasi yako yote, halafu pumzika. Pumzika kweli, karibu dakika moja kwa kila mita 10 za kasi. Vijana hawalipendi hili. Wanaona wanakaa bure. Lakini mwili uliochoka unajifunza kukimbia pole pole. Muda wako ukianza kurefuka kwa zoezi lilelile, funga viatu vyako mfukoni, nenda nyumbani.

Linda misuli ya nyuma ya paja kabla haijaumia. Huchanika zaidi pale mguu unapotupwa mbele kabla ya kutua, na mbio za mwisho za Bolt, kupokezana vijiti mjini London mwaka 2017, ziliishia hapo. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, ujishushe mbele polepole ukizuia kwa misuli hiyo. Fanya machache kwa utaratibu.

Ukishaanza kushinda, mtu atakuambia uharakishe. Mwonyeshe mpangilio huu: Bolt alichukua ubingwa wa dunia wa vijana mita 200 mjini Kingston mwaka 2002 akiwa na miaka 15, mwaka 2004 akatolewa raundi ya kwanza kwenye Olimpiki ya Athens, na dhahabu zake za Olimpiki zilianza Beijing mwaka 2008. Fraser-Pryce alijifungua mwaka 2017, akarudi kuwa bingwa wa dunia wa mita 100 mwaka 2019 na tena 2022.

Na usimeze kidonge, poda wala sharubati ya kikohozi bila kukagua kilichomo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa, hata ukipewa na mtu unayempenda. Ukifika daraja la kimataifa na kuingizwa kwenye kundi la wanaopimwa wakati wowote, utatakiwa kutaja saa moja ya kila siku na mahali utakapokuwa. Ukikosekana mara tatu ndani ya miezi 12 unafungiwa, hata kama hujawahi kutumia kitu chochote. Weka kengele kwenye simu siku hiyohiyo unayosajiliwa, na mwombe mtu wa nyumbani aweke nyingine kwenye yake.