Chumba cha silaha cha kampuni ya ulinzi Tanga: chumvi, risasi na daftari

Kampuni inayolinda maghala ya bandarini, nyumba za Raskazone au mashamba ya mkonge ya Muheza huanza na leseni, lakini inasimama au kuanguka kwa chumba chake cha silaha. Kila bunduki inamilikiwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kwa hiyo siku bunduki inapoingia, isome namba yake kwenye chuma kwa tochi, tarakimu kwa tarakimu, na uilinganishe na karatasi. Kosa la kawaida ni sifuri kuandikwa kama herufi O, au moja kama I. Likigundulika siku ya ukaguzi, unaonekana una bunduki isiyo na karatasi na karatasi isiyo na bunduki. Rekebisha siku hiyohiyo.

Chumba kiwe cha ndani, chenye ukuta wa tofali za saruji na dari ya zege. Paa la bati peke yake halifai: mwizi analifungua kwa mkono, na mchana joto lake linapika risasi. Kabati la chuma lifungwe ukutani kwa bolti nne za kutanuka za milimita 12, maana kabati la kilo 120 wanaume wanne wanalibeba na kwenda kulivunjia kwingine. Liinue sentimita 10 kutoka sakafuni na liache nafasi ya vidole kati yake na ukuta ili hewa ipite. Bunduki na risasi zikae makabati mawili tofauti, funguo kwa watu wawili tofauti. Ufunguo wa akiba utiwe kwenye bahasha iliyosainiwa juu ya mshono.

Sasa chumvi. Hapa ndipo bunduki nyingi za mji huu zinapofia. Chumvi ya kawaida hunyonya maji hewani na kuyeyuka unyevu wa hewa ukifika asilimia 75, na Tanga asubuhi nyingi unavuka hapo, masika ndiyo usiseme. Vumbi la chumvi lililotua kwenye chuma usiku linakuwa maji ya chumvi kufikia alfajiri, na kutu inaanza bila bunduki kunyeshewa hata tone. Ndiyo maana kufungua dirisha la chumba cha silaha ili "kupata hewa" upepo wa bahari unapovuma ni kuialika kutu ndani.

Weka kipimaunyevu ndani ya kabati na ulenge asilimia 50 au chini yake. Kabati la bunduki kumi linahitaji kama nusu kilo ya silika jeli ya rangi ya chungwa, yaani chembe zinazonyonya unyevu, na mlango uwe na mpira wa kuziba pembeni. Bila mpira unakausha mji mzima. Chembe zikibadilika kuwa kijani, zirudishe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa tatu. Usizikaange kwenye sufuria juu ya makaa: joto halipimiki, rangi inaungua, na hutajua tena zimelowa lini.

Usihifadhi bunduki ndani ya ala ya ngozi wala mfuko wa sponji. Ngozi ina tindikali ya kusindikwa, sponji inashika unyevu, na vyote vinaikumbatia kutu palepale usipopaona.

Shotgani ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikiongezeka, mtutu unakuwa mwembamba) iliyorudi kutoka lindo la baharini ipanguswe siku hiyohiyo. Ikiwa imerushiwa maji ya bahari, isuuze kwanza kwa kitambaa cha maji baridi yasiyo na chumvi, kausha kabisa, ndipo upake mafuta. Mafuta juu ya chumvi yanaifungia chumvi ndani. Mtutu usafishwe kuanzia kwenye chemba, sehemu ya nyuma inapokaa risasi, kuelekea mdomoni, kwa brashi ya shaba kisha vitambaa, hadi kitambaa kitoke cheupe. Mabaki ya plastiki ya risasi yaliyoganda ndani ya mtutu yasiachwe, chini yake ndipo unyevu unapojificha. Malizia kwa utando mwembamba wa mafuta. Mengi kupita kiasi yanakusanya mchanga, na yakibaki kwenye chemba yanaweza kupenya hadi kwenye fataki ya risasi, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, na kuiua. Chemba ikaushwe kabisa. Bunduki yenye kitako cha mbao isimame mdomo chini kwa usiku wa kwanza baada ya kupakwa, mafuta yasishukie kwenye mbao na kuilainisha.

Risasi zikae kwenye boksi zake, mbali na sakafu, za zamani zitoke kwanza. Jambo moja tunalikazia kuliko yote: risasi ya geji 20 isiingie kabisa kwenye chumba cha kampuni inayotumia geji 12. Inapita kwenye chemba na kukwama mbele kidogo ndani ya mtutu; mlinzi anadhani bunduki ni tupu, anatia ya 12 nyuma yake, akifyatua mtutu unapasuka kwenye mkono wake wa kushoto. Kwa sababu hiyo geji 20 hutengenezwa zikiwa za njano. Ukiona ya njano, simamisha zamu na utafute imetoka wapi.

Makabidhiano ya bunduki kati ya zamu na zamu yafanyike mbele ya pipa la lita 200 lililojazwa mchanga na kulazwa kidogo kwa mshazari. Tumia mchanga wa mto uliochekechwa. Wa ufukweni una vipande vya matumbawe vinavyoweza kurudisha risasi, na chumvi yake inakula pipa na mdomo wa bunduki. Lifunike mvua isiingie.

Mlinzi anaelekeza mdomo ndani ya pipa, kidole nje ya kifyatulio, sefti imefungwa. Kwa shotgani ya kukoki, anafungua taratibu na kutoa risasi ya chemba, kisha anatoa zilizo kwenye bomba la risasi lililo chini ya mtutu, moja moja bila kuzipitisha kwenye chemba. Anaangalia, anaingiza kidole cha mwisho kwenye chemba na mdomo wa bomba, halafu mtu wa pili anafanya vilevile. Kwa bastola, magazini hutoka kwanza, chemba baadaye. Ukigeuza mpangilio huo, unapokoki unaingiza risasi nyingine huku ukiamini umeitoa. Ajali nyingi za makabidhiano zinatokea hapo.

Risasi iliyogoma kufyatuka isifunguliwe haraka. Mdomo ubaki umeelekezwa kwenye mchanga wa pipa, bila kuzikwa ndani yake, kwa sekunde 30, kwa kuwa fataki dhaifu inaweza kuchelewa kuwasha.

Daftari liwe na kurasa zenye namba, wino usiofutika, na safu za tarehe, saa, namba ya bunduki, risasi zilizotoka, zilizorudi, lindo, na saini mbili. Kosa likatwe kwa mstari mmoja na kusainiwa. Hesabu isipotimia, hakuna anayeondoka. Hesabu upya mbele ya zamu zote mbili, na ikibaki pungufu, polisi waarifiwe kabla ya zamu mpya kwenda lindoni. Kusubiri asubuhi kunageuza upotevu kuwa ufichaji.

Risasi zilizovimba, zenye kutu kwenye kitako au zilizogoma zitengwe kwenye boksi lenye alama, ziandikwe daftarini na kupelekwa polisi kwa ajili ya kuharibiwa. Usizizike, na usizitupe baharini: wavuvi wa kokoro wanavuta kila kitu kilicho chini.