Somo: Kufunga ukanda wa kunolea wembe chumba kikiwa kidogo

Wakuu, wengi wanaoanza kunyoa kwa wembe wa kukunja hukwama palepale. Wembe wanao, ukanda wanao, pa kuutundika hawana. Chumba ni cha kupanga, bafu ni la kugeukia tu, na mwenye nyumba hataki kuona tundu jipya ukutani. Ukanda wenyewe hauna makuu: unataka kitu kimoja kisichotikisika, na nafasi ya mkono kwenda na kurudi.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi yake. Ukanda haunoi kama kinoo. Makali ya wembe ni membamba mno, na kila unaponyoa hupindapinda kidogo. Ngozi ya ukanda huyanyoosha na kuyalainisha. Kwa hiyo ukanda hutumika kila kabla ya kunyoa, ilhali kinoo unaweza kukaa miezi bila kukigusa.

Hatua ya 1: Pima. Kanda nyingi za kutundika zina upana wa inchi 2.5 hadi 3, na ngozi ya kupitishia wembe hufika kama sentimita 40 hadi 50. Jumlisha pete, mshikio na mwili wako, utahitaji kama mita moja kutoka pa kufungia hadi tumboni. Kinachosahaulika ni kiwiko: ukivuta wembe kuja kwako, kiwiko hurudi nyuma ya mbavu. Kikigonga kabati wembe nao unaruka. Chumba kikibana, simama mshazari, kutoka pembe moja hadi nyingine, maana huko ndiko kwenye urefu mkubwa zaidi.

Hatua ya 2: Chagua pa kufungia. Mimi nachagua nondo za dirisha. Nyumba zetu nyingi zinazo, zimechomelewa, hazichezi, na mchana unapata mwanga bure. Funga kati ya kitovu na kifua, ukanda ulale karibu sawa au uteremke kidogo kuja kwako.

Kitasa cha mlango kinafaa kwa masharti mawili: mlango ufungwe kwa ufunguo, na usimame upande ambao ukivuta unaubana mlango, si upande unaoufungua. Kuna watoto nyumbani? Sahau kitasa. Bomba la kutundikia taulo usilijaribu. Lilitengenezwa kubeba taulo.

Pete ikiwa haiingii kwenye nondo, tumia kitanzi kifupi cha kamba ya katani au nailoni ngumu. Mpira wa kufungia mizigo kwenye baiskeli hapana, kwa sababu unavutika, na ukanda unaovutika ndio unaoua makali.

Hatua ya 3: Vuta ukanda ukaze. Hapa ndipo somo lote lilipo, kuliko hata urefu wa chumba. Ukanda ukilegea, ngozi huzama chini ya wembe kisha hupanda na kukumbatia makali, na makali yanakuwa duara. Unaweza kusugua hivyo mara mia na ukawa unaharibu tu. Kaza kiasi kwamba uzito wa wembe hauizamishi ngozi. Huhitaji kupigana nao. Mkono wa kushoto, ule ulioshika ukanda, ukianza kutetemeka, umezidisha.

Hatua ya 4: Pitisha wembe. Ulaze bapa, mgongo na makali vyote viguse ngozi. Mgongo unatangulia, makali yanafuata nyuma, kwenda na kurudi. Ukifika mwisho, simama kabisa, ugeuze wembe kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake, kisha rudi. Ukiugeuzia kwenye makali utakata ukanda. Usikandamize, uzito wa wembe unatosha. Ukanda ukiwa mwembamba kuliko wembe, peleka kwa mshazari ili kisigino (upande wa makali ulio karibu na mpini) na ncha vyote vipate zamu.

Kama ukanda wako una upande wa kitambaa, anza nao, kwenda na kurudi mara 20 hivi, halafu ngozi mara 40 hadi 50. Na ile mbwembwe ya vinyozi wa kwenye filamu, tap-tap-tap, iacheni hukohuko.

Hatua ya 5: Hifadhi. Usiuache bafuni, mvuke unaharibu ngozi. Utundike ndani ya kabati, usiukunje. Wembe wa chuma cha kaboni ukaushe vizuri, kisha tone la mafuta ya cherehani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mkanda wa suruali haufai?
Jibu: Unafaa kwa shida, ukiwa wa ngozi halisi, laini, usio na rangi ya kung'aa, nakshi wala mshono pembeni. Mshono unakwaruza makali. Na kwa kuwa ni mwembamba, lazima uende mshazari.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeukata ukanda katikati, niutupe?
Jibu: Marahaba. Usiutupe. Kovu dogo lisugue kwa msasa laini hadi kidole kisihisi ukingo. Kama kipande kimeinuka, kibandike kwa gundi ya viatu, kikauke, ndipo upige msasa. Ukanda uliokatika hadi upande wa pili ndio wa kuaga.

Swali: Nasugua sana lakini wembe bado unavuta ndevu. Ukanda mbovu?
Jibu: Huenda wembe umepita hatua ya ukanda. Rudi kwenye kinoo. Wengi humalizia na cha namba 8000 hivi (namba ikiwa kubwa, kinoo ni laini zaidi), kisha ukanda. Wembe mpya wa bei ya chini mara nyingi hufika haujanolewa kabisa.

Swali: Ile dawa ya kijani naipaka kwenye ngozi?
Jibu: Hiyo ni oksidi ya kromi, inakwangua chuma kidogokidogo. Ipake kwenye ukanda mwingine au kipande cha ngozi ulichobandika kwenye ubao. Ukishaipaka kwenye ukanda wa kila siku, kuitoa yote ni kazi.

Swali: Kaka, mimi nalala bweni, hata dirisha siko karibu nalo. Nifanyeje?
Jibu: Achana na wa kutundika. Chukua ubao ulionyooka, upana wa inchi 3, ubandike ngozi juu yake, bila uvimbe wowote chini. Kaa kitandani, uegemeze pajani, makali yaelekee mbali na mguu unapogeuza. Ubao haulegei, kwa hiyo hatua ya 3 umeshairuka. Ila wembe wako usiwaazimishe wenzako wa bweni, hata ukiuosha.