Kupanda farasi na joto la pwani, uvae nini

Jamani nianze na kaptula. Mara yangu ya kwanza kupanda farasi Diani nilivaa kaptula na ndala, si ni bichi tu, nikarudi nimechubuka mapaja kwa ndani na ule mkanda wa ngozi unaoshika kikuku, kile chuma cha kukanyagia ukiwa juu ya farasi, umenifinya shavu la mguu, siku tatu natembea kama bata. Joto likizidi tafuta nguo nyepesi, lakini miguu uifunike.

Suruali iwe ndefu ya kuvutika, isiwe na mshono mnene ndani ya mguu. Suruali ya jinzi achana nayo, ikilowa jasho ni msasa. Na chupi pia iwe haina mishono mikubwa, hili watu wanaona haya kukwambia ila utanishukuru. Juu vaa mikono mirefu, rangi ya kung'aa. Wengi watakwambia pamba, na sehemu kavu ni sawa, lakini huku hewa ina unyevu jasho halikauki haraka kwahiyo pamba inalowa inakuganda mwilini, mi naona jezi nyepesi ya michezo inakaa vizuri zaidi.

Helmeti haivuliwi hata kuwe na jua la kaskazi. Chukua ya farasi yenye matundu ya hewa, ndani iwe na alama ya kiwango cha usalama cha helmeti za farasi kama ASTM F1163, ya baiskeli haifuniki kisogo vizuri. Usiiache kwenye gari juani, joto linaiharibu, na ukianguka nayo ikagonga nunua nyingine hata kama haina ufa. Dada zangu wa hijabu, vaeni kofia nyembamba ya ndani tu, bila pini wala fundo chini ya helmeti. Leso inayopepea pia hapana, farasi anaweza kushtuka.

Buti fupi lenye kisigino kama sentimita 2.5 hivi, ili mguu usipenye kwenye kikuku ukaburutwa. Yale marefu ya ngozi mpaka gotini waachie wa mashindano. Glavu nyembamba za wavu kwa juu, maana ukipaka mafuta ya jua viganjani hatamu, zile kamba za kumwongozea farasi, zinateleza.

Halafu kuna muda, saa nne mpaka saa tisa hakuna nguo itakayokusaidia. Mimi saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko juu ya farasi, saa mbili nishamvua tandiko namwagia maji.