Somo: Kujiandaa na mtihani wa nadharia wa CDL, leseni ya malori makubwa Marekani

Wengi wanaoniuliza kuhusu CDL si wageni wa usukani. Kuna aliyeendesha Fuso Mbeya, kuna aliyepeleka mzigo Goma, na kuna aliyekuwa utingo njia ya Dar es Salaam na Tunduma kama mimi. Wanakuja wakijiamini, halafu wanakwama mbele ya kompyuta ya ofisi ya leseni. Mtihani ule unataka mtu aliyesoma kitabu, akakielewa, na akakumbuka namba zake.

Mimi mwenyewe mara ya kwanza niliukosa wa breki za upepo kwa swali moja. Nilipata 19 kati ya 25, wao wanataka 20. Nilikuwa nimekariri majibu ya programu ya simu siku tisa mfululizo, kitabu sijakifungua. Swali lilipogeuzwa maneno kidogo sikulitambua tena. Ninachowaandikia hapa ni njia niliyotumia niliporudi.

Hatua ya 1: Jua unataka nini, na karatasi zako zikae sawa

Daraja A ni la kichwa kinachovuta tela: uzito wa jumla unaoruhusiwa ni paundi 26,001 au zaidi, na tela peke yake inazidi paundi 10,000. Daraja B ni gari moja zito, kama lori la kokoto au basi. Kama nguvu unazo, chukua A, maana mwenye A anaruhusiwa kuendesha na gari za B. Umri ni miaka 18 kwa kazi za ndani ya jimbo lako, 21 kwa kuvuka mipaka ya majimbo.

Daktari lazima awe kwenye orodha ya serikali kuu ya wapimaji wa madereva. Daktari wako wa kawaida anaweza asiwemo. Cheti chake hudumu hadi miaka 2, lakini presha ikifika 140/90 au kupita, tegemea kupewa muda mfupi. Ndugu zangu wa chai ya sukari nyingi na chumvi ya mezani, anzeni kujiangalia mwezi mzima kabla.

Halafu jambo zito. Kama huna uraia wala kadi ya kijani, usilipe shule hata senti kabla hujaenda ofisi ya leseni ya jimbo lako na hati zako mkononi ukauliza kama watakupa CDL. Tangu Septemba 2025 masharti ya watu wa aina hii yamekuwa na misukosuko mingi, na jibu la rafiki wa jimbo jingine halitakusaidia. Waulize wenyewe, leo.

Hatua ya 2: Kitabu kwanza, programu ya simu baadaye

Kila jimbo lina mwongozo wake wa CDL, unapakua bure kwenye tovuti ya ofisi ya leseni. Vinafanana karibu vyote, ila maswali yako yatatoka kwenye cha jimbo lako, na toleo la karibuni.

Usianze ukurasa wa kwanza ukakusudia kufika wa mwisho; utachoka. Kwa Daraja A soma sura ya 1, 2 na 3, kisha ya 5 ya breki za upepo na ya 6 ya gari lenye tela. Hizo ndizo zinazokupa lena, yaani kibali cha kujifunza kuendesha. Sura ya mabasi, ya tenki na ya shehena hatari ziache mpaka utakapozihitaji.

Majimbo mengi hutoa maswali 50 ya ujuzi wa jumla, 25 ya breki za upepo na 20 ya gari lenye tela. Kufaulu ni asilimia 80: yaani 40, 20 na 16. Ukiukosa wa breki za upepo, au usipoufanya kabisa, leseni yako itawekewa kizuizi cha kutoendesha gari lenye breki hizo, na kazi nyingi za malori zitakupita.

Programu za maswali ni nzuri, lakini zitumie kujipima. Soma sura, funga kitabu, jibu maswali, na kila ulilokosa rudi ukalitafute kitabuni kwa mkono wako. Kile kidole kinachotafuta mstari ndicho kinachofundisha.

Hatua ya 3: Kiingereza cha mtihani

Nunua daftari dogo. Kila neno gumu la kitabu liandike kwa Kiingereza, na pembeni maana yake kwa Kiswahili cha gereji, kile unachokisema kweli. Usiandike tafsiri ya kamusi ambayo hujawahi kuitamka.

Kuna maneno mawili yanayoangusha watu kuliko namba zote: NOT na EXCEPT. Swali linauliza lipi kati ya haya SI kweli. Wewe unaona jibu la kwanza ni kweli, unabonyeza, umekwisha. Ukiliona neno hilo, weka kidole juu yake kwenye skrini mpaka umalize kusoma majibu yote.

Soma kwa sauti. Haya maneno unayosoma leo ndiyo utakayoyatamka mbele ya mkaguzi siku ya mtihani wa vitendo, ukizunguka lori na kutaja sehemu zake.

Hatua ya 4: Breki za upepo

Hapa nakaa, kwa sababu hapa ndipo wengi tunaanguka, na hapa ndipo mtu anapokufa barabarani.

Wengi wanadhani upepo ndio unaofunga breki wakati wote. Ni kweli kwa breki ya mguu: unakanyaga, upepo unakwenda kwenye chemba, breki zinashika. Breki ya maegesho inakwenda kinyume chake. Mle ndani kuna springi nene, na upepo ndio unaoizuia. Upepo ukiisha, springi inafunguka na tairi zinashika. Ukielewa hilo, nusu ya maswali 25 utayajibu bila kukariri.

Sasa fuata mshale wa geji ukishuka. Kwenye psi 125 hivi (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) kompresa inaacha kujaza. Ikishuka hadi 100 hivi inaanza tena. Taa au kengele ya onyo lazima iwake kabla upepo haujashuka chini ya 55. Vitabu vya zamani viliandika 60, ndiyo maana nasisitiza toleo jipya. Kati ya 45 na 20, vibonye vya breki kwenye dashibodi vinachomoka vyenyewe na springi zinafunga.

Namba hizi usizikariri ukiwa kitandani. Mtafute ndugu mwenye lori Jumapili akiwa nyumbani. Tairi ziwekewe vizuizi, injini izimwe, swichi iwashwe, vibonye viwe vimesukumwa ndani. Kanyaga pedali, achia, kanyaga, achia. Utaona mshale unashuka hatua kwa hatua, kengele italia, kisha kishindo: kibonye chekundu chenye pembe nane, cha upepo wa tela, na cha njano chenye umbo la almasi, cha maegesho, vitaruka nje. Mimi niliposikia kishindo kile mara ya kwanza nikiwa na kitabu mapajani, nilijua sitasahau tena.

Kipimo cha kuvuja upepo huulizwa sana. Injini imezimwa na breki zimeachiwa: gari moja lisipoteze zaidi ya psi 2 kwa dakika, lenye tela 3. Ukikanyaga na kushikilia: gari moja 3, lenye tela 4. Mbili-tatu, tatu-nne. Imbeni hivyo.

Na slaki ajasta, kile kifaa cha kurekebisha breki: ukiivuta kwa mkono, gari likiwa limezuiwa na breki zimeachiwa, isisogee zaidi ya inchi moja hivi pale inapoungana na fimbo ya chemba.

Hatua ya 5: Kichwa na tela

Hii ni fupi. Kabla ya kurudi nyuma kuunga, tela iwe chini kiasi cha kunyanyuliwa kidogo na kichwa kinapoingia. Ukishaunga, shuka na tochi: kusiwe na nafasi kati ya sahani ya juu ya tela na ya chini ya kichwa, na meno yawe yamekamata shingo ya kingpini, ile pini iliyo chini ya tela. Mpira wa bluu ni wa breki za kawaida, mwekundu wa dharura. Breki ya mkono ya tela isitumike kuegesha. Upepo ukivuja, tela itaondoka.

Hatua ya 6: Namba za ujuzi wa jumla

Umbali wa kusimama kwa maili 55 kwa saa: futi 142 za kuona hatari, 61 za mguu kufika kwenye breki, 216 za breki zenyewe. Jumla 419. Kwa breki za upepo ongeza 32, kwa sababu upepo unachukua muda kusafiri kwenye mipira. Hiyo ni zaidi ya kiwanja kizima cha mpira wa miguu, barabara ikiwa kavu na wewe ukiwa macho.

Nafasi ya kumfuata wa mbele ni sekunde moja kwa kila futi 10 za urefu wa gari lako. Ukizidi maili 40, ongeza moja. Lori la futi 60 kwenye barabara kuu ni sekunde 7. Angalia mbele sekunde 12 hadi 15. Barabara ikilowa punguza mwendo kwa theluthi moja, theluji iliyoshindiliwa kwa nusu. Tairi za mbele zisiwe na kashata (kina cha mifereji yake) chini ya 4/32 ya inchi, nyingine 2/32. Mzigo uangaliwe ndani ya maili 50 za kwanza, kisha kila maili 150 au saa 3, kinachotangulia. Kiwango cha pombe kwenye damu kisifike asilimia 0.04.

Nyumbani gari likiharibika tulikata matawi tukayatandika barabarani. Huku ni pembetatu tatu, ndani ya dakika 10. Barabara ya njia mbili: moja futi 10 kutoka kwenye gari, moja futi 100 nyuma, moja futi 100 mbele. Barabara ya upande mmoja: futi 10, 100 na 200, zote nyuma kuelekea magari yanayokuja.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nimeendesha semi Tanzania miaka minane. Leseni yangu haiwezi kubadilishwa?*

Marahaba mdogo wangu. Haiwezi. Marekani inatambua leseni za malori za Kanada na Meksiko tu. Anza mwanzo kama sisi wote. Lakini miaka minane hiyo itakufaa kwenye mtihani wa vitendo.

*Kaka, nianze mtihani au nianze shule?*

Kwa ushauri wangu, mtihani. Nadharia hii unaweza kuisoma mwenyewe na kupata lena kwanza. Tangu tarehe 7 Februari 2022 lazima upitie shule iliyosajiliwa na serikali kuu kabla ya mtihani wa vitendo, na lena uwe umekaa nayo angalau siku 14. Ukifika shuleni na lena tayari, unapanda lori mapema.

*Mimi ni dada wa Dayton. Gia za mkono sijawahi kugusa. Nitaruhusiwa?*

Utaruhusiwa, dada. Ukifanya mtihani wa vitendo kwa lori la otomatiki, leseni itaandikwa kizuizi cha E, yaani usiendeshe za mkono. Kampuni nyingi sasa zina otomatiki, na kwao kizuizi hicho hakitakunyima kazi. Mtihani wa nadharia ni uleule.

*Mimi ni mzee wa Bukavu, Kifaransa nakijua kuliko Kiingereza. Kuna mkalimani?*

Mzee wangu, mkalimani haruhusiwi, na mtihani wa vitendo ni kwa Kiingereza tu. Zaidi ya hapo, tangu tarehe 25 Juni 2025, dereva akishindwa kuongea Kiingereza na mkaguzi barabarani au kusoma alama, anasimamishwa palepale, lori linabaki pembeni. Kwa hiyo hata ukipata jimbo lenye nadharia kwa lugha nyingine, usikimbilie huko. Jifunze maswali ya mizani: unatoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini, umeendesha saa ngapi. Mjukuu wako awe mkaguzi kila jioni, wewe uwe dereva.

*Nimefeli ujuzi wa jumla mara mbili. Nimekata tamaa.*

Pole sana, na usiache. Kabla ya kurudi, andika kwenye daftari kila swali unalokumbuka lilikuchanganya, hata nusu yake, uliandike ukiwa bado kwenye maegesho ya ofisi. Utakuta mengi yanatoka sehemu mbili au tatu za sura ya 2. Soma hizo tu kwa wiki nzima. Na ratiba ya kurudia uliza pale dirishani, kila jimbo lina siku zake.

*Hili swali linanisumbua: kwa nini lori tupu linachukua umbali mrefu kusimama kuliko lenye mzigo? Si lingekuwa jepesi?*

Swali zuri, na linatoka mtihanini. Breki, tairi na springi za lori zimetengenezwa kwa ajili ya gari lililojaa. Likiwa tupu, tairi hazibanwi vya kutosha kwenye lami. Ukikanyaga kwa nguvu zinadundadunda na kufunga, gari linateleza badala ya kushika. Kichwa bila tela ndiyo hatari zaidi. Ukiwahi kupanda kichwa kitupu siku ya mvua, utakihisi kwenye kiti chako kabla hujafika taa za kwanza.

*Nichukue na idhini ya kubeba shehena hatari kabisa siku hiyohiyo?*

Hapana. Ya shehena hatari inadai mafunzo ya nadharia kwanza kutoka shule iliyosajiliwa, halafu alama za vidole na uchunguzi wa usalama wa serikali kuu. Ya tenki ni rahisi: sura ya 8 ni fupi, isome baada ya kupata lena, ukaifanye ukiwa na nafasi. Atakayekusomea maswali ya sura hiyo wakati huo aanze na mzigo wa maji unavyosukuma gari mbele baada ya breki, wanapenda kuliuliza.