Somo: Kuiona kingamwili kwenye jeli, kuanzia tone moja la serumu

Wakuu, swali limekuwa likirudi: "Tunakaririshwa kwamba kingamwili ina umbo la herufi Y. Nani aliiona?" Leo tuione. Hatutaona Y yenyewe, tutaona vipande vyake vimejipanga kwenye jeli kama mistari ya bluu. Ni kazi ya siku moja na usiku wake ukijipanga, zaidi ya hapo vioo vyako vya kumwagia jeli vikivuja.

Tunatafuta nini

Damu ikiganda, ukaizungusha kwenye sentrifuji, yale majimaji ya njano yanayobaki juu ndiyo serumu. Lita moja hubeba gramu 60 hadi 80 za protini, na zaidi ya nusu ni albumini. IgG, ambayo ndiyo kingamwili iliyo nyingi kuliko zote kwenye damu, ni kama gramu 10 tu.

Kingamwili hutengenezwa na seli B zilizokutana na mgeni (antijeni), zikazaliana, nyingine zikageuka seli za plazma ambazo kazi yake ni hiyo usiku na mchana. Mgeni akija mara ya kwanza, IgM (aina nyingine ya kingamwili) hutangulia na IgG hufuata baada ya siku kadhaa. Akirudi, seli za kumbukumbu zinamjua, kwa hiyo IgG hutoka mapema na kwa wingi. Chanjo inategemea jambo hilohilo. IgA hulinda njia ya hewa na utumbo, na imo kwenye maziwa ya mama. IgE mnaijua kwa mzio na minyoo. IgD tuiache, leo haitusaidii.

Molekuli moja ya IgG ni minyororo minne: miwili mizito ya kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 50 kila mmoja, na miwili myepesi ya 25. Jumla 150. Minyororo hiyo imefungwa pamoja kwa vifungo vya salfa. Shikeni namba hizo tatu: 150, 50, 25.

Hatua ya 1: Sampuli

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Serumu ina karibu miligramu 70 za protini kwa mililita, nyingi mno kwa jeli. Chukua mikrolita 2 za serumu, weka kwenye mikrolita 98 za bafa (maji ya chumvi yanayotuliza pH). Sasa una mikrogramu 1.4 kwa mikrolita. Changanya nusu kwa nusu na bafa ya sampuli, inashuka hadi 0.7. Ukipakia mikrolita 15 umeweka mikrogramu kama 10, zinatosha kabisa.

Tengeneza mirija miwili. Wa A uwe na beta-merkaptoethanoli, ambayo hukata vifungo vya salfa (inanuka kama yai viza, fungulia ndani ya kabati la kuvuta hewa). Wa B usiwe nayo. Yote miwili iwe na SDS, gliseroli na rangi ya kufuatilia. Chemsha kwa nyuzi 95 dakika 5.

SDS ni aina ya sabuni. Inaikunjua protini na kuivika chaji hasi kulingana na uzito wake, takribani gramu 1.4 za SDS kwa kila gramu ya protini. Zikishavishwa hivyo, kinachozitofautisha mbele ya umeme ni ukubwa tu: ndogo hupenya jeli haraka na kushuka chini zaidi.

Hatua ya 2: Jeli

Jeli ya chini, asilimia 12, mililita 10: maji 3.3, akrilamaidi ya asilimia 30 mililita 4.0, Tris ya 1.5 M yenye pH 8.8 mililita 2.5, SDS ya asilimia 10 mililita 0.1, APS ya asilimia 10 mililita 0.1, na TEMED mikrolita 4 (APS na TEMED ndizo zinazogandisha). TEMED iwe ya mwisho, maana ikishaingia saa imeanza kuhesabu. Mwagia isopropanoli kidogo juu ili hewa isizuie kuganda na ukingo unyooke.

Ikiganda, mwaga isopropanoli, suuza, weka jeli ya juu ya asilimia 5, pH 6.8, kisha chomeka kitana, ambacho huacha vishimo vya kupakia sampuli. Jeli hii ya juu huzibana protini zote ziwe mstari mwembamba kabla ya mbio kuanza.

Akrilamaidi ambayo haijaganda ni sumu ya mishipa ya fahamu. Vaa glavu. Sina mzaha hapo.

Hatua ya 3: Umeme

Jaza bafa, toa kitana, pakia leda (mchanganyiko wa protini za uzito unaojulikana, wa kulinganishia) kwenye kishimo cha kwanza, kisha A, ruka kishimo kimoja, ndipo B. Usipoacha nafasi, ile dawa inayonuka itahamia kwa jirani na kukata vifungo ambavyo hukutaka vikatwe. Anza na volti 80, rangi ikishavuka jeli ya juu panda hadi 120.

Waya mwekundu uende upande wa chini, kwenye chanya. Jeli yangu ya kwanza niligeuza waya, nikaenda kunywa chai. Niliporudi rangi haikuwepo kwenye jeli, ilikuwa imepanda na kuyeyukia kwenye bafa ya juu pamoja na sampuli za watu watatu.

Hatua ya 4: Rangi

Loweka jeli kwenye Coomassie, rangi ya bluu inayoshika protini, saa moja, kisha osha kwa methanoli na asidi asetiki usiku kucha. Weka karatasi ya shashi pembeni, inanyonya rangi. Jina hilo, kwa taarifa yenu, ni Kumasi ya Ghana: lilipewa rangi ya kutia sufu baada ya Waingereza kuuteka mji huo miaka ya 1890.

Kusoma

Kwa A utaona albumini imetanda karibu na 66, chini yake mstari wa 50, na mwingine wa 25. Kwa B hiyo miwili imefifia, na juu, karibu na 150, kuna mstari ambao A hana. Hiyo ndiyo IgG ikiwa bado nzima.

Ila jeli inakupa uzito, haikupi jina. Mwaka 1939 wanasayansi Tiselius na Kabat walilikwepa tatizo hilo kwa akili: walichanja sungura kwa protini ya ute wa yai, wakatenganisha serumu kwa umeme, kisha wakaondoa kingamwili kwa kuzinasa na protini ileile. Kilele cha gamma, yaani kundi mojawapo la protini za serumu zilizotengana kwa umeme, kikapungua. Ndipo ikajulikana kingamwili zinakaa wapi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, kwa jeli hii naweza kujua kama mtu amechanjwa pepopunda?*

Hapana. IgG ya pepopunda na IgG ya surua zina uzito uleule. Inabidi utumie antijeni yenyewe kama chambo, yaani kipimo kiitwacho ELISA, au uhamishe protini kutoka kwenye jeli hadi kwenye utando na kuzitafuta hapo kwa kingamwili (western blot).

*Kipimo cha haraka cha malaria nacho kinatafuta kingamwili?*

Kinatafuta protini ya mdudu mwenyewe, mara nyingi ile iitwayo HRP2. Kingamwili zipo, ila zimebandikwa kwenye karatasi kiwandani ili zimnase. Cha VVU ndicho kinachotafuta kingamwili za mgonjwa.

*Ndiyo maana mtoto mchanga wa mama mwenye VVU hapimwi kwa kile cha haraka?*

Ndiyo, dada. IgG ya mama hupita kondo la nyuma, na inaweza kubaki kwa mtoto hata miezi 18. Kipimo kikionyesha chanya, huenda umeona kingamwili za mama tu. Ili kujua kama mtoto ameambukizwa, katika umri huo hutafutwa vinasaba vya kirusi kwa PCR, njia ya kuvizidisha hadi vionekane.

*Mistari yangu imepinda kama tabasamu, pembeni iko juu, katikati imeshuka.*

Jeli imepata joto, katikati inakimbia kuliko pembeni. Shusha volti, zungushia barafu, na hakikisha bafa hukuichanganya kwa kukisia.