Kumpeleka paka wako kuwaliwaza wazee: namna ya kujitayarisha

Katika nchi nyingi watu hujitolea kuwapeleka mbwa wao hospitali na katika nyumba za wazee, ili wakaazi wawapapase na wapate faraja. Hapa Unguja na Pemba, ambako wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi nzito inayotaka kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, na si uungwana kumtwisha mzee asiyejiweza kazi hiyo kabla ya sala. Mwenye mbwa mpole atafute mwenyeji aliyemtaka kwa kauli yake mwenyewe. Anayeanza nashauri aanze na paka, kwani hadithi iliyopokewa kwa Abu Qatada imeeleza kuwa paka si najisi.

Si kila paka anafaa. Anayekimbilia uvunguni mgeni akipiga hodi mwache nyumbani, hata kama wewe anakuganda kutwa. Anayefaa ni paka aliyekomaa, wa zaidi ya mwaka, anayekubali kupakatwa na asiyemjua na asiyeshtuka sufuria ikianguka. Paka shume aliyezoea mabaki ya mishikaki pale Forodhani usimwokote leo ukampeleka kesho.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo apatiwe dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa, maana ugonjwa huo humpata paka pia, na kadi ya chanjo uiweke tayari. Kucha zipunguze siku chache kabla: bonyeza kidole taratibu mpaka ukucha utokeze, ukate ncha nyeupe tu, usiiguse sehemu ya waridi yenye mshipa wa damu.

Ruhusa huombwa kabla ya siku yenyewe. Nyumba za wazee za serikali ziko Sebleni na Welezo kwa Unguja, na Limbani kwa Pemba. Onana na msimamizi, na kwa mzee anayeishi kwake zungumza na jamaa zake. Uliza nani ana pumu, nani ana vidonda, na nani ngozi yake imekuwa nyepesi kiasi cha kuchanika kwa mkwaruzo mdogo. Hao utakaa nao wewe, paka akiwa mbali.

Wakati mzuri ni baada ya alasiri, jua likishapungua na watu wametoka barazani. Mchukue paka katika kikapu cha ukili chenye kifuniko, usimfungulie mlangoni. Amkia kwanza, kisha uulize: “Bibi, nimekuja na paka wangu, nimsogeze, au nimwache hapa hapa aliko?” Swali la namna hiyo humpa mzee nafasi ya kukataa bila ya kuona haya. Akikubali, mtandikie kanga safi mapajani, mweke paka, na mkono wako usimwache. Kwa asiyeona, uongoze mkono wake polepole hadi mgongoni, ausikie mtetemo paka anapokoroma. Hapo mara nyingi mazungumzo huanza yenyewe, mzee akakutajia paka wa utotoni mwake. Mwache aseme, usiyakatize kwa sifa za paka wako.

Mtazame mnyama naye. Mkia ukianza kupiga huku na huku au masikio yakilala nyuma, mwondoe kabla hajakwaruza. Robo saa kwa mtu mmoja yatosha. Wote wanawe mikono kabla na baada, na akitokea aliyekwaruzwa au kuumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya, hata kama paka amechanjwa.

Picha usipige ila kwa idhini ya mzee mwenyewe. Idhini ya mjukuu haitoshi. Na ukiahidi kurudi Jumamosi, paka akaugua, nenda bila yeye ukawaeleze, kwa sababu wapo watakaokuwa wamekaa kukungoja.