SOMO: BCL11A na himoglobini F (HbF), soma hapa kabla ya kuuliza

Kila mara natumiwa majibu ya maabara na swali lilelile: "HbF iko juu, maana yake nini?" Naandika mara moja, tusome wote.

Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini F. Akishazaliwa, protini ya BCL11A huzima jeni za gama-globini (sehemu ya himoglobini F), na himoglobini A inashika zamu. Kwa mwenye selimundu, HbF ikibaki nyingi ni nafuu kubwa, kwa sababu huzuia HbS (himoglobini ya selimundu) kushikamana na kupinda chembe.

1. Uliza umri. Mtoto mchanga HbF yake huwa juu.

2. Uliza kama anatumia haidroksiyurea, dawa ya selimundu. Nayo hupandisha HbF.

3. Tazama badiliko la DNA limekaa wapi. HAPA TULIA, wengi wanaangukia hapa. Jeni ya BCL11A iko kromosomu ya 2. Mabadiliko yanayopandisha HbF kwa watu wengi hayagusi sehemu inayounda protini. Yako ndani ya introni ya 2 (introni ni sehemu ya jeni isiyounda protini), kwenye kipande kinachoichochea jeni katika seli zinazoelekea kuwa chembe nyekundu. BCL11A inapungua humo. Ubongo na seli B (za kinga ya mwili) zinaendelea kupata yao. Badiliko likivunja protini yenyewe, HbF itakuwa juu pia, lakini mtoto huchelewa kiakili, maana ubongo unaihitaji. Usimwambie mzazi "ni jeni nzuri" kwa kuona jina la BCL11A tu!

4. Angalia pia eneo la jeni ya MYB, kromosomu ya 6. Mabadiliko ya hapo nayo hupandisha HbF.

MASWALI

— Mkuu, mwanangu ana miezi 2, HbF iko juu sana. Amerithi hiyo nzuri?
Hatua ya 1.

— Kwa hiyo mwenye badiliko hilo aache haidroksiyurea?
Sijaandika hivyo popote. Dawa haiachwi bila daktari.

— Mwalimu, kwa nini wasikiharibu kipande hicho makusudi?
Umefikiri vizuri sana, ndicho kinachofanyika. Seli mama za damu za mgonjwa hutolewa, kipande hicho hukatwa kwa CRISPR (mbinu ya kuhariri DNA), dawa za kemo husafisha uboho, kisha seli hurudishwa. Uingereza iliidhinisha tiba hiyo Novemba 2023, Marekani Desemba. Marekani bei yake ni dola milioni 2.2, na wagonjwa wengi wa selimundu wako Afrika. Hilo linaniuma.

— Nyongeza toka maabara: aliyeongezewa damu karibuni, asilimia ya HbF inadanganya. Tunasubiri kama miezi 3.
Kweli kabisa, damu ya mchangiaji huishusha. Iunganisheni na hatua ya 2.